Mwili Ukiikataa Rangi ya Biriani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tartrazini (E102)

Nyumbani kwetu Tanga, kwa miaka mingi tuliamini kwamba mdogo wangu ana "aleji ya biriani". Harusi ikifika, wenzake wanakula, yeye anapewa wali mweupe na kipande cha kuku. Akijisahau akaonja, baada ya saa moja shingo na mikono inajaa mabaka yanayowasha. Kisha siku moja mama akapika biriani usiku, maduka yamefungwa na kopo la rangi limekwisha. Mdogo wangu akala sahani mbili na hakikumpata kitu. Kumbe hakuwa akiukataa wali, wala nyama, wala viungo.

Tangu siku ile nimeulizwa maswali mengi na ndugu, majirani na mama wenzangu. Haya ndiyo yanayorudi zaidi. Mimi si daktari. Panapohitaji daktari nimesema hivyo waziwazi, na naomba usiparuke.

Tartrazini ni kitu gani hasa?

Ni rangi ya njano ya kutengenezwa, yenye kung'aa kama ganda la limau, na inayeyuka kwenye maji baridi papo hapo. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1884 na mkemia wa Uswisi aliyeitwa Johann Heinrich Ziegler. Zamani rangi za jamii yake, zinazoitwa azo, zilitokana na lami ya makaa ya mawe. Siku hizi malighafi yake hutoka kwenye mafuta ya petroli. Haiongezi ladha, haihifadhi chakula, haina lishe. Kazi yake ni kupendeza macho tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata chakula kisicho cha njano kinaweza kuwa nayo. Ukiichanganya na bluu unapata kijani, na ukiichanganya na nyekundu unapata rangi ya chungwa. Kwa hiyo pipi ya kijani na soda ya chungwa nazo zichunguzwe.

Kwenye pakiti inaandikwaje?

Hapa Afrika Mashariki na Ulaya tafuta neno Tartrazine, E102 au INS 102. Ndugu walioko Marekani watafute Yellow 5 au FD&C Yellow No. 5. Kwenye sabuni, shampuu na vipodozi huandikwa CI 19140. Walioko Oman na nchi za Ghuba, hata maandishi yakiwa ya Kiarabu, namba E102 mara nyingi utaiona.

Angalia tarakimu kwa makini. E102 na E120 ni vitu viwili tofauti kabisa. E120 ni rangi nyekundu inayotokana na mdudu.

Hiyo rangi ina mdudu au mnyama? Nauliza kwa sababu ya uhalali.

Tartrazini yenyewe haitokani na mnyama wala mdudu. Swali hilo linaihusu zaidi E120, na la hukumu yake muulize sheikh wako.

Je, hii ni aleji au mwili tu kutostahimili?

Kwa lugha ya mtaani yote tunaita aleji, na sioni haja ya kugombana na mtu kwa neno. Ila tofauti ina maana kwenye matibabu. Aleji kamili, kama ile ya karanga au kamba, ni kinga ya mwili kukitambua chakula kama adui na kukirushia askari wake. Kipimo cha kuchoma ngozi au cha damu mara nyingi huweza kuionyesha. Kwa tartrazini, kwa watu wengi wanaodhurika, askari hao hawaonekani kwenye vipimo. Dalili zinafanana na za aleji lakini njia yake ni nyingine, na wataalamu hawajakubaliana njia hiyo ni ipi. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa, akaambiwa "huna kitu", na bado akila anawashwa. Hadanganyi.

Dalili zake ni zipi, na zinachukua muda gani?

Inayojulikana zaidi ni mabaka ya ngozi yaliyovimba na kuwasha, ambayo hutokea hapa, yakapotea, yakaibuka pale. Wengine hutokwa na makamasi na kupiga chafya, wengine macho huwasha, wachache huvimba midomo au kope. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Huanza ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa baada ya kula. Wiki nzima ikipita ndipo uanze kuwashwa, tafuta sababu nyingine.

Lini nikimbilie hospitali?

Mara moja, bila kusubiri kuona kama itapungua, ikiwa kuna lolote kati ya haya: ulimi au koo kuvimba, sauti kukwaruza ghafla, kupumua kwa shida au kwa mluzi, kizunguzungu au kuzimia, au mtoto kulegea. Hali kali namna hiyo kutokana na tartrazini ni nadra sana, lakini chakula kilekile kinaweza kuwa na karanga, korosho au kamba, na hapo mezani huwezi kujua aliyehusika ni nani. Tiba yake ni sindano ya adrenalini. Kidonge cha aleji peke yake hakitoshi, na maziwa au mkaa wa kusaga visikupotezee muda.

Tatizo hili lina watu wengi?

Hapana. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imewahi kukadiria chini ya mtu mmoja kati ya 10,000. Na watu wanaoamini wanadhurika wanapopewa vidonge viwili vinavyofanana, kimoja chenye rangi na kimoja kitupu, bila wao wala anayewapa kujua kipi ni kipi, wengi wao hawaonyeshi tofauti yoyote.

Nasema hili si kukukatisha tamaa. Ukiilaumu rangi bure, mkosaji halisi anabaki jikoni mwako akiendelea kukudhuru.

Basi nitajuaje kwa uhakika?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi wanapochoka mapema.

Anza na daftari. Andika kila unachokula na kunywa, saa ngapi, kilipikwa na nani, na kama kilitoka kwenye pakiti, andika jina lake au piga picha ya orodha ya viambato. Andika pia dawa ulizomeza. Dalili ikitokea, andika saa. Fanya hivyo kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote. Mara nyingi daftari pekee hutoa jibu. Jirani yangu mmoja alikuwa na hakika kwamba tatizo ni soda ya njano. Daftari likaonyesha kwamba kila siku aliyowashwa alikuwa amemeza dawa ya maumivu ya mgongo saa moja kabla. Alipompelekea daktari daftari lile, mazungumzo yakaanzia mahali pazuri.

Daftari likionyesha kweli kwamba rangi inahusika, hatua ya pili ni kuiacha kabisa kwa wiki mbili hadi nne. Kuacha nusu nusu hakukuambii kitu. Katika muda huo kula vyakula unavyovijua tangu shambani au sokoni: ugali, wali, ndizi, maharage, samaki, mboga, matunda. Usiache vitu vingine kwa pamoja. Ukiacha rangi, maziwa, ngano na mayai siku moja, kisha ukapona, utakuwa umepona bila kujua umeponywa na nini.

Hatua ya tatu ni kuirudisha. Wengi huikwepa kwa woga, lakini bila hiyo jibu halijakamilika, kwa sababu mabaka ya kuwasha yana tabia ya kuja na kuondoka yenyewe. Kama dalili zako zimekuwa za ngozi tu na nyepesi, zungumza na daktari au mtaalamu wa lishe jinsi ya kuijaribu kidogo kidogo. Kama umewahi kubanwa kifua, kuvimba midomo au koo, au una pumu, usijaribu nyumbani hata tone. Jaribio hilo hufanywa hospitalini, dawa za dharura zikiwa mkononi, na ndilo kipimo kinachoaminika kuliko vyote.

Vipi vile vipimo vya nywele vinavyotangazwa mtandaoni?

Usitoe pesa yako. Unywele hauwezi kusema mwili wako unakataa chakula gani.

Kwa vyakula vyetu, inapatikana wapi?

Upande wa pakiti, soma lebo za soda na vinywaji vya njano, chungwa na kijani, juisi za unga, sharubati za kukoroga na maji, pipi, bigijii, jeli, unga wa kastadi, biskuti zenye krimu, krispi, na tambi za haraka pamoja na kile kipaketi chake cha viungo. Si kila chapa inaitumia. Za aina moja zinaweza kuwa kwenye rafu moja, hii inayo na ile inatumia manjano au beta-karotini.

Upande usio na pakiti ndio mgumu. Rangi ya biriani mara nyingi ni mchanganyiko wa tartrazini na rangi nyingine ya chungwa. Viazi vya karai, vile vyenye koti la njano kali, wapishi wengine hutia manjano na wengine rangi. Urojo vivyo hivyo. Kuna jalebi, halua, kashata za rangi, keki za sherehe, achari za embe, lambalamba na barafu za kwenye vifuko. Bila kumuuliza aliyepika, hutajua.

Na ubuyu. Wazazi wengi huniambia mtoto "ana aleji ya ubuyu". Ubuyu wenyewe, unga mweupe wenye ukakasi unaozunguka mbegu, unaliwa tangu enzi na watoto wa pwani na wa bara. Ule mwekundu wa dukani umeongezewa sukari, pilipili na rangi. Rangi hiyo nyekundu huenda isiwe tartrazini hata kidogo. Inaweza kuwa ndugu zake wa jamii ya azo, E122, E124 au E129. Mpe mtoto ubuyu mweupe usiotiwa kitu, uone, ila tu kama hajawahi kupata dalili kali. Inauma kuona mtoto anakatazwa tunda la mbuyu kwa kosa la kopo la rangi.

Na rangi ya kahawia ya pilau inatokana na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakolea, pamoja na viungo. Kwa hiyo kwenye sherehe pilau mara nyingi ndiyo kimbilio.

Rangi niliyonunua sokoni imefungwa kwenye karatasi, haina jina. Nitaitambuaje?

Chukua glasi ya maji baridi, nyunyiza kidogo juu yake, usikoroge. Rangi ya kiwandani hushuka kama nyuzi za moshi na maji yote yanakuwa safi ya njano au chungwa. Manjano ya kusaga huelea na kutua chini, na maji yanabaki na ukungu. Zafarani ya kweli ni nyuzi, inatoa rangi taratibu, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Unga wa chungwa unaouzwa kwa jina la zafarani kwa bei ya chumvi si zafarani.

Jaribio hili linakuambia tu kama ni rangi ya kiwandani. Halikuambii ni ipi, wala kama ni ya chakula. Rangi ya nguo nayo inayeyuka vizuri. Ushauri wangu ni mmoja: usinunue rangi isiyo na jina, isiyo na namba, isiyo na mtengenezaji. Nunua yenye alama ya ubora ya TBS au KEBS, au usinunue kabisa.

Kuna kiasi ambacho ni salama?

Kwa asiyedhurika nayo, kipo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2009 miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na mwaka 2016 kamati ya pamoja ya FAO na WHO ikaweka kikomo cha miligramu 10 kwa kila kilo vilevile.

Sasa tupige hesabu. Mtoto wa kilo 15, kwa kiwango cha Ulaya, ni miligramu 112.5 kwa siku. Gramu moja ni miligramu 1,000. Kiwandani wanapima kwa mizani. Sisi tunapima kwa ncha ya kijiko, na rangi ikififia tunaongeza. Kwa rangi isiyochanganywa na chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye sufuria ndogo ya familia kinaweza kumpitisha mtoto kiwango chake kwa sahani moja. Hili linanisumbua zaidi ya soda.

Kwa yule ambaye mwili wake umeshathibitika kuikataa, viwango hivi havimlindi. Kipimo chake ni mwili wake mwenyewe.

Inawafanya watoto wawe watundu?

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio lao kwa watoto 153 wa miaka mitatu na 144 wa miaka minane na tisa. Waliwapa kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi pamoja na kihifadhi kiitwacho sodiamu benzoeti, na siku nyingine kinywaji kisicho navyo. Kwa wastani utulivu ulipungua kidogo walipokunywa ule mchanganyiko. Baadhi ya watoto waliathirika wazi, wengine hata kidogo. Kwa kuwa vilichanganywa, hakuna awezaye kuinyooshea tartrazini kidole peke yake.

Hata hivyo, tangu Julai 2010 vyakula vyenye tartrazini vinavyouzwa Umoja wa Ulaya lazima viandikwe onyo kwamba vinaweza kuathiri vibaya mwenendo na umakini wa watoto. California ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuziondoa rangi sita, hii ikiwemo, kwenye vyakula vya shule za serikali kuanzia mwisho wa 2027.

Maoni yangu kama mzazi: mtoto asiyetulia ana haki ya kuchunguzwa usingizi, macho, masikio na shule yake kabla ya kulaumiwa pipi. Lakini kumpunguzia juisi za rangi hakuna hasara yoyote.

Nina pumu. Niiache kwa tahadhari?

Mapitio ya tafiti hayakuonyesha kwamba kuiacha kunawasaidia wenye pumu kwa ujumla. Kunawasaidia wachache waliothibitika kudhurika nayo. Dawa yako ya kuzuia na pampu yako ndivyo vya kwanza. Na kama aspirini imewahi kukubana kifua, mwambie daktari. Zamani iliaminika kwamba watu hao wengi huikataa pia tartrazini, na ingawa majaribio ya baadaye yalipata wachache tu, ni habari anayopaswa kuwa nayo.

Hata dawa zina rangi hii?

Ndiyo, baadhi ya vidonge, kapsuli na dawa za maji za watoto. Usiache dawa uliyoandikiwa. Nenda kwa mfamasia, mwombe asome orodha ya viambato, na mara nyingi kuna dawa ileile ya kampuni nyingine isiyo na rangi hiyo. Kama umethibitishwa, waombe waandike kwenye kadi yako ya kliniki.

Kuna video inasema rangi hii inaifanya ngozi ionyeshe hadi ndani. Kweli?

Kweli kwa panya. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliipaka nyingi kwenye ngozi ya panya na ngozi ikapitisha mwanga kwa muda, kwa sababu ya jinsi rangi hiyo inavyobadili mpito wa mwanga majini. Ilipooshwa, ngozi ikarudi kama kawaida. Haihusiani na kuila, na usimpake mtoto.

Ni sawa na ule unga wa kuongeza ladha?

Hapana. Ule ni glutameti, namba yake ni E621, na hauna rangi.

Nikitumia rangi za asili nitakuwa salama?

Kwa tartrazini, ndiyo. Kwa kila kitu, hapana. Mbegu za mzingefuri, ule mti unaolimwa Kwale na kuuzwa kwa viwanda vya chakula, hutoa rangi nzuri ya chungwa iitwayo E160b, na wapo wachache sana ambao nayo huwadhuru. Asili si cheti. Jaribu kimoja kimoja.

Nimemwalika mgeni mwenye tatizo hili. Biriani bila rangi itapendeza kweli?

Itapendeza, na itanukia zaidi. Tuliza nyuzi chache za zafarani kwenye vijiko vitatu vya maziwa ya uvuguvugu au marashi mawaridi kwa nusu saa. Kama zafarani ni ghali, kaanga nusu kijiko cha chai cha manjano kwenye samli kwa moto mdogo hadi ukali wake ukatike. Usizidishe, manjano ikizidi inakuwa chungu. Wali ukikaribia kuiva, nyunyiza huku na kule, usikoroge, funika, palia moto juu. Ukipakua utaona punje nyeupe, za njano na zilizochovya samli, zote kwenye sinia moja.

Angalia pia vitu vya pembeni, kwa sababu ndivyo vinavyosahaulika: achari ya dukani, juisi ya unga, kastadi ya kumalizia. Weka juisi ya ukwaju au ya embe, na matunda. Pakiti za viungo ulivyotumia usizitupe hadi mgeni amekula, ili akitaka kusoma asome.

Na tafadhali usimpikie chake kwenye kisufuria cha pembeni. Mdogo wangu alikula hivyo miaka kumi na moja, peke yake kwenye kona ya mkeka. Siku hizi mama anapika sufuria moja kwa watu wote, na yeye ndiye anayepakuliwa ukoko.